Barabara ya mtaa ni ya nani? Safari ya kazi za ujenzi na usafi kutoka mikoani hadi manispaa

MVUA za masika zinapoanza kunyesha jijini Dar es Salaam, swali la zamani huibuka upya mitaani: ni nani anayepaswa kuzibua mfereji uliojaa taka, kufukia shimo katikati ya barabara ya mtaa, au kuondoa lundo linalooza pembeni ya soko? Mwananchi huenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti humwelekeza kwa diwani, diwani humtaja mhandisi, na mhandisi huweza kujibu, kwa haki kabisa, kwamba barabara hiyo haimo katika orodha yake.

Nyuma ya majibu hayo ipo historia ya zaidi ya nusu karne. Katika kipindi hicho kazi za ujenzi na usafi wa miji zimehamishwa kutoka halmashauri kwenda mikoani, zikarudishwa, zikagawanywa, na sehemu yake kubwa ikachukuliwa tena na wakala wa Serikali Kuu. Kila uhamisho ulikuwa na sababu zake, na kila mmoja uliacha maswali kuhusu fedha, watumishi na uwajibikaji.

Suala hili si la makaratasi. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua makumi ya watu na kuzilazimu familia za mabondeni kuhamia Mabwepande. Mji ambao sensa ya mwaka 2002 iliuhesabia takriban watu milioni 2.5 ulikuwa na zaidi ya milioni 4.3 mwaka 2012 na takriban milioni 5.4 mwaka 2022. Katika mji unaokua kwa kasi hiyo, mfereji usio na mwenyewe ni hatari kwa maisha.

Kugatua na kupeleka madaraka

Wataalamu wa utawala hutofautisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa.

La kwanza ni kupeleka watumishi wa Serikali Kuu karibu na wananchi. Ofisi huwa mkoani au wilayani, lakini wakubwa wa ofisi hiyo wako makao makuu na ndiko bajeti inakotoka. Mwananchi hupunguziwa safari, ila hapati kura ya kumwajibisha mtumishi.

La pili ni kugatua madaraka, ambalo Wakenya huliita ugatuzi. Hapa chombo kilichochaguliwa na wananchi, kama baraza la madiwani, hupewa kwa sheria kazi, fedha na mamlaka juu ya watumishi. Kikikosea, wapigakura wanaweza kukiadhibu.

La tatu ni kukabidhi kazi kwa wakala. Wakala huundwa na Serikali kwa ajili ya kazi mahususi, huongozwa na mtendaji mkuu na hupimwa kwa malengo ya kitaalamu. Faida yake ni ujuzi na nidhamu ya mikataba. Udhaifu wake ni kwamba diwani hana mamlaka ya moja kwa moja juu yake.

Tanzania imezijaribu njia zote tatu, na katika sekta ya barabara peke yake zote zimeacha alama.

Madaraka Mikoani, 1972

Baada ya Uhuru, halmashauri za wilaya na za miji ziliendelea kufanya kazi chini ya mfumo uliorithiwa kwa wakoloni. Nyingi zilikuwa na mapato kidogo na wataalamu wachache. Mwaka 1972, Serikali ya Rais Julius Nyerere ilianzisha mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, uliobuniwa kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey. Halmashauri za wilaya zilifutwa, na mamlaka za miji nazo zikafuata muda mfupi baadaye.

Nafasi yake ilichukuliwa na ofisi za Wakurugenzi wa Maendeleo wa Mikoa na wa Wilaya. Dar es Salaam, iliyokuwa jiji tangu mwaka 1961, iligawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya uongozi wa mkoa. Kwa jina, madaraka yalishuka. Kwa vitendo, yalitoka mikononi mwa madiwani na kuingia mikononi mwa watumishi wa Serikali Kuu walioko mikoani.

Mpango huo ulielekezwa zaidi vijijini, na miji ndiyo iliyoumia. Uzoaji wa taka ulidorora, mifereji na barabara za mitaa zikachakaa. Ugonjwa wa kipindupindu ulipozuka mwaka 1977, udhaifu wa usafi wa miji ulionekana bayana. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya mpito ya kurejesha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikapitishwa sheria kuu za Serikali za Mitaa: Namba 7 kwa mamlaka za wilaya, Namba 8 kwa mamlaka za miji na Namba 9 kuhusu fedha. Mwaka 1984 halmashauri zilianza kazi upya, na ibara za 145 na 146 za Katiba zikazitambua rasmi. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa kulikuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia.

Mamlaka yarudi, vifaa vyabaki

Sheria Namba 8 ya mwaka 1982 iliipa mamlaka ya mji orodha ndefu ya kazi: barabara na mifereji, uzoaji wa taka, masoko, machinjio, makaburi na mengineyo. Hata hivyo, kupewa kazi kwa sheria ni jambo moja, na kuwa na uwezo wa kuifanya ni jambo jingine.

Kwa miaka mingi Ofisi ya Mhandisi wa Mkoa ndiyo iliyobaki kuwa kitovu cha kazi za barabara. Ndiko waliko wahandisi wenye uzoefu, karakana na mitambo mizito. Mkuu wa idara ya ujenzi katika halmashauri angeweza kuwa na orodha ya barabara za kuchonga bila greda la kuzichongea, hivyo akalazimika kuliomba mkoani na kusubiri zamu yake.

Dar es Salaam ilionyesha kiwango cha tatizo. Mapema katika miaka ya 1990 sehemu ndogo tu ya taka zilizozalishwa kila siku ndiyo iliyozolewa, na barabara nyingi za katikati ya jiji zilikuwa na mashimo. Juni 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza la Jiji, na kazi zake zikakabidhiwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilikarabati barabara, ikaimarisha ukusanyaji wa mapato na kuwapa kampuni na vikundi binafsi kazi ya kuzoa taka. Mafanikio hayo, hata hivyo, yalipatikana bila madiwani, jambo ambalo lisingeweza kuwa la kudumu katika nchi yenye mfumo wa vyama vingi.

Mageuzi ya 1997 hadi 2000

Hatua ya kuondoa kazi mikoani na kuzishusha katika halmashauri ilianza kwa Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 19 ya mwaka 1997. Mkoa ulipunguzwa kutoka chombo cha utekelezaji na kuwa Sekretarieti ndogo inayoongozwa na Katibu Tawala, yenye jukumu la kushauri, kuwezesha na kusimamia. Watumishi wengi wa mikoani walihamishiwa katika halmashauri au wizarani. Kamati ya Maendeleo ya Mkoa ilitoa nafasi kwa Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Mwaka 1998 Serikali ilitoa waraka wa sera ya maboresho ya Serikali za Mitaa, uliotaja wazi kwamba halmashauri ndizo zitakazotoa huduma.

Mwaka 2000 Tume ya Jiji ilimaliza kazi yake. Manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke zilianzishwa zikiwa na mabaraza, wakurugenzi na idara zao za ujenzi. Juu yake liliwekwa Halmashauri ya Jiji kwa mambo yanayovuka mipaka ya manispaa, mathalani dampo na kituo kikuu cha mabasi cha Ubungo. Mgawanyo huo ulikuwa na mantiki: taka za Sinza huzolewa na Kinondoni, lakini haileti maana kila manispaa kuchimba dampo lake.

Julai mwaka huo huo ulianza kazi Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), uliochukua barabara kuu na barabara za mikoa. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa mijini zilibaki kwa halmashauri. Hapo ndipo mkanganyiko wa leo ulipoota mizizi: katika mtaa mmoja, barabara mbili zinazokutana huweza kuwa na wenyewe wawili, na maji ya mvua hayasomi orodha ya barabara.

Fedha hufuata kazi?

Kanuni ya msingi ya ugatuaji ni kwamba fedha zifuate kazi. Utekelezaji wa kanuni hiyo umekuwa mgumu kuliko uandishi wake.

Chanzo kikuu cha matengenezo ni Mfuko wa Barabara, unaotokana hasa na tozo katika mafuta ya petroli na dizeli. Kwa muda mrefu mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za halmashauri. Watetezi wa mgawo huo walisema barabara kuu hubeba magari mengi na mazito. Wakosoaji walitazama urefu: TANROADS ilikuwa na takriban kilomita 36,000, wakati mtandao wa halmashauri ulipohesabiwa mwaka 2017 ulizidi kilomita 108,000.

Vyanzo vya ndani vya halmashauri navyo vilipungua. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo na ushuru mwingine uliokuwa kero kwa wananchi, na mwaka uliofuata ada za leseni za biashara ndogo zikaondolewa. Wananchi walipata nafuu, lakini halmashauri zilizidi kutegemea ruzuku kutoka Hazina. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo uti wa mgongo wa bajeti ya mji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme.

Kwa upande mwingine, zilikuwapo jitihada za kuzipa miji fedha za uwekezaji. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/2005 ilitolewa ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri zilizotimiza masharti ya utunzaji wa hesabu na utawala bora. Mwaka 2010 ulianza mradi wa miji ya kimkakati uliohusisha Arusha, Mwanza, Mbeya, Tanga, Dodoma, Kigoma-Ujiji na Mtwara-Mikindani. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa uendelezaji wa Dar es Salaam. Katika miradi hiyo, wahandisi wa manispaa walisimamia barabara za lami, mifereji na taa za barabarani kwa kiwango ambacho idara zao hazikuwahi kukifikia kabla. Ilidhihirika kwamba manispaa inaweza kufanya kazi kubwa ikipewa fedha na wataalamu.

TARURA na kugeuka kwa mwelekeo

Mwaka 2017 mwelekeo uligeuka. Serikali ilianzisha Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akauzindua Julai mwaka huo. Wahandisi, mitambo na bajeti za barabara za halmashauri zote vilihamia kwa wakala huo.

Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito. Wahandisi wachache walikuwa wametawanyika katika halmashauri zaidi ya 180. Fedha za barabara zilikuwa zikitumika kwa mambo mengine. Kila halmashauri ilikuwa na viwango vyake, na baadhi ya madiwani walitaka kila kata ipate kipande chake cha barabara, hata kama vipande hivyo havikuunganika. Wakala mmoja uliahidi takwimu za uhakika, zabuni zenye nidhamu na mpango mmoja wa nchi nzima.

Malalamiko nayo hayakuchelewa. Katika vikao vya mabaraza na bungeni, madiwani na wabunge walisema wapigakura wanaendelea kuwauliza wao kuhusu barabara, ilhali meneja wa TARURA hawajibiki kwa baraza. Diwani alibaki na lawama bila rungu. Wakala wenyewe ulilalamika kwamba fedha hazitoshi, na mwaka 2021 Bunge liliongeza tozo ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo.

Barabara hazikuwa peke yake. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, badala ya vikosi vya halmashauri. Mwaka 2019 maji ya vijijini yalihamishiwa wakala mpya, RUWASA. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji, huku Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikibaki manispaa. Ngazi ya kuunganisha mkoa mzima, iliyobuniwa mwaka 2000, ikatoweka.

Funzo kutoka Kenya

Majirani wa Kenya walichukua njia ya kikatiba. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, ilizikabidhi kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, kazi za umma za kaunti, udhibiti wa maji ya mvua, na maji na usafi. Kaunti 47 zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na mabaraza 175 ya zamani ya miji na wilaya yakafutwa.

Matokeo yake yalikuwa na pande mbili. Kaunti za pembezoni zilipata fedha na mitambo ambayo hazikuwahi kuiona. Miji, kwa upande wake, ilipoteza serikali zake: meya hayupo, na gavana aliye na eneo kubwa la vijijini ndiye anayeamua kuhusu mfereji wa soko la mji. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 iliruhusu kuundwa kwa bodi za manispaa, lakini kaunti nyingi zilisita kuzigawia kazi na bajeti. Mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, ulioidhinishwa mwaka 2017 kwa kaunti 45, uliweka hati ya manispaa na bodi kuwa sharti la kupata fedha. Hapo ndipo nyingi zilipoanza kuundwa. Mvutano wa kaunti na manispaa zake ni ule ule wa mkoa na halmashauri, ila umeshuka ngazi moja.

Nairobi ilipitia kinyume chake. Februari 2020 Gavana Mike Sonko alitia saini mkataba wa kuikabidhi Serikali ya Kitaifa kazi za afya, uchukuzi, kazi za umma na mipango. Zilisimamiwa na idara maalumu chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi hadi mwaka 2022, ziliporudishwa kwa kaunti. Barabara kadhaa zilijengwa, lakini uhalali wa mpango huo ulipingwa mahakamani na madiwani wakagombania nafasi yao katika bajeti.

Mambo yanayohamishwa pamoja na kazi

Uzoefu wa nchi hizi mbili unaonyesha kwamba kuhamisha huduma si kubadilisha kibao cha ofisi. Yapo mambo sita yanayopaswa kuhama kwa pamoja.

Kwanza, sheria inayotaja kazi kwa jina, pamoja na mipaka yake: barabara inaishia wapi na mfereji unaanzia wapi. Pili, fedha za kudumu, za uendeshaji na za uwekezaji. Lori la taka lisilo na bajeti ya vipuri ni mzigo. Tatu, watumishi, na pamoja nao mishahara, vyeo na mafao yao. Nne, mali: karakana, mitambo na viwanja. Tano, mikataba na madeni ambayo makandarasi watakuja kudai. Sita, kumbukumbu, zikiwamo ramani za mifereji na mabomba. Zikipotea, mrithi huanza kazi gizani.

Kikikosekana kimoja, uhamisho hubaki nusu. Mwaka 1984 halmashauri zilipata sheria bila mitambo. Baada ya 2000 zilipata kazi bila vyanzo vya kutosha vya mapato. Mwaka 2017 wakala ulipata wataalamu na mitambo, lakini haukupata kiungo thabiti cha kuwajibika kwa madiwani.

Mwananchi aende wapi?

Kwa mgawanyo uliopo Tanzania Bara, barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mitaa, pamoja na mifereji yake, ni za TARURA. Uzoaji wa taka, masoko, stendi, machinjio na makaburi ni kazi za halmashauri, na mikutano ya baraza la madiwani huwa wazi kwa wananchi. Maji safi na maji taka mijini ni ya mamlaka za maji, kama DAWASA kwa Dar es Salaam. Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa, ndipo TANROADS na TARURA hukutana.

Mfereji ukiziba kwa taka, wahusika huwa wawili: halmashauri isiyozoa taka na wakala usiosafisha mfereji. Kila mmoja huweza kumnyoshea mwenzake kidole. Hilo ndilo pengo ambalo hakuna sheria iliyoliziba kikamilifu, na ndilo linaloonekana kila masika.

Mjadala wa miaka ijayo hautakuwa tena kati ya mkoa na manispaa, kwa kuwa mkoa ulikwishaondolewa katika utekelezaji. Utakuwa kati ya wakala wenye utaalamu na baraza lenye ridhaa ya wapigakura. Miji inahitaji vyote viwili. Njia mojawapo ni kumtaka meneja wa wakala awasilishe mpango wake wa mwaka mbele ya madiwani kabla ya bajeti kupitishwa, na kurudi mbele yao kueleza kilichotekelezwa. Bila kiungo cha namna hiyo, mafuriko yakija madiwani watalaumiwa kwa mifereji wasiyo na amri nayo, na wakazi wa mabondeni wataendelea kuhesabu hasara.